Vigingi vya Mstari wa Nne

Kwa muda wa saa tano hivi, Dobi aliamini kwamba bahari imepona.

Jumamosi ile alipanda kwenye boti akitetemeka kwa baridi na kucheka peke yake. Hakungoja hata kuvua mtungi wa hewa mgongoni. Alishika kibao chake cheupe cha plastiki, akaanza kuwasomea wenzake alichokiandika kwa penseli huko chini: kangaja ishirini na sita, changu arobaini na mmoja, chewa wanne, jongoo bahari kumi na mmoja, matumbawe hai zaidi ya nusu ya mstari. Mwaka uliotangulia, katika mstari huohuo wa mita hamsini, alikuwa ameandika sufuri katika kila mraba isipokuwa mraba wa kaa. Kaa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amekufa.

"Mstari wa nne?" aliuliza Mwalimu, mama wa makamo aliyefundisha hesabu siku za kazi na kuhesabu samaki siku za mapumziko. "Una hakika hukupotea ukaingia wa pili?"

"Wa nne, dada! Kigingi nimekishika kwa mkono wangu. Kibati chake kimeandikwa nne."

Boti nzima ilishangilia. Walikuwa watu tisa wa kujitolea, kila mtu na kazi yake nchi kavu, na hakuna aliyewahi kulipwa hata nauli. Mratibu, mstaafu wa bandari mwenye tumbo na huruma nyingi, alitoa fomu ndani ya mfuko wa nailoni. Kikundi kilikuwa na desturi moja kali: waliozama pamoja wanatia saini kabla nywele hazijakauka, ili mtu asipate nafasi ya kubadili hesabu akifika nyumbani. Aliyezama na Dobi alikuwa mumewe, Fundi, ambaye huhesabu upande wa kushoto wa utepe unaotandazwa kati ya vigingi, naye Dobi upande wa kulia. Fundi alitia saini haraka, akarudi kuhangaika na kamba ya nanga. Dobi alitia ya kwake kwa vidole vilivyokunjamana kwa maji, akachora na kijisamaki pembeni. Sherehe za kitoto hizo, lakini alikuwa amefurahi, mwacheni.

Mstari wa nne ndio uliokuwa na maneno. Mistari mingine mitano ilikuwa mbali, lakini huu ulipita mbele kabisa ya bomba la kiwanda cha samaki, bomba linalotapika baharini kila kinachobaki baada ya samaki kuingia mkebeni. Kiwanda kilidai kwamba tangu mwanzo wa mwaka kimefunga chujio, na maji yanayotoka sasa ni masafi. Jumatatu saa nne matokeo yangesomwa katika ofisi ya pwani. Sufuri za mwaka wa pili mfululizo zingelifunga bomba hadi kiwanda kijenge matangi ya kusafishia maji. Changu arobaini na mmoja wangelipatia bomba kibali cha miaka kumi.

Kwa hiyo chujio linafanya kazi kweli, Dobi alijiambia. Hata aliona haya kidogo kwa jinsi alivyomsema vibaya Meneja wa kiwanda mwaka mzima.

Meneja mwenyewe alikuja alasiri ileile, bila hodi ya maana. Nyumba ilikuwa ya kiwanda, vyumba viwili na bafu la ndani, na Fundi alipewa kwa sababu ndiye aliyekuwa fundi bomba wa kiwanda. Labda ndiyo maana Meneja aliingia na viatu vyake hadi katikati ya mkeka. Aliketi kwenye kiti cha mama mkwe. Bibi wa watu alibaki amesimama na bakuli lake mkononi, akitafuta mahali pa kujishikiza, mpaka Dobi akamletea stuli ya jikoni.

"Kijana wangu," Meneja alimwambia Fundi, mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mbele ya mama yake mzazi. "Kijana wangu huyu ana mikono ya dhahabu. Nimewaletea zawadi kidogo."

Zawadi ilikuwa katoni ya mikebe ya samaki iliyobonyea, ile isiyouzika. Mama mkwe alishukuru mara tatu. Fundi alikuwa akitazama ukucha wa kidole gumba chake.

"Na wewe shemeji," Meneja akamgeukia Dobi, "nimesikia leo umefurahi huko chini. Unaona sasa? Mlidhani sisi ni wachafu. Wanasema hata lile jabali la matumbawe ni kubwa kama mlango! Mwezi huu tutaandikiana mkataba mpya wa nyumba hii, wa muda mrefu, bibi asihangaike tena na uzee wake."

Alikunywa chai, akaacha nusu kikombe, akaondoka. Mama mkwe alirudi kwenye kiti chake, akakifuta kwanza kwa upande wa kanga.

Dobi alibaki na neno moja tu. Jabali. Hakuwa amemsimulia mtu habari za jabali aliloliona huko chini. Kwenye fomu hakuna mraba wa jabali. Fomu inauliza wangapi, haiulizi wakubwa kiasi gani. Na jabali la matumbawe ya aina ile hukua kadiri ya upana wa ukucha kwa mwaka. Yeye mwenyewe huwafundisha hivyo wageni wa kikundi. Lenye ukubwa wa mlango lingekuwa na umri wa kumpita mama mkwe mara mbili, na mwaka jana mahali pale palikuwa na kifusi kitupu.

Kisha akakumbuka miguu yake. Kutoka kwenye boya hadi kigingi cha kwanza huwa anapiga mapezi mara tisini. Leo alipiga ishirini na kitu, akadhani mkondo umemsukuma. Aliyekuwa ametia nanga ni nani? Aliyefunga boya ni nani? Alikaa pale na birika mkononi, akijiona mjinga wa mwisho. Alikuwa amepigwa changa la macho, tena na mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Alimkuta Fundi jikoni akifungua mkebe mmoja.

"Umevihamisha lini?"

Fundi hakuuliza ni nini. Hilo angalau lilimpunguzia Dobi kazi.

"Wiki iliyopita. Siku mbili."

"Peke yako?"

"Na mtaimbo. Meneja alisema ni kusogeza kidogo tu, nje ya uchafu. Alisema hata nisiposogeza mimi, atatafuta mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayekaa kwenye nyumba hii."

"Na chujio?"

"Chujio gani?" Fundi alicheka bila sauti. "Ni wavu wa dirishani, nimeufunga mwenyewe. Uliziba siku ya tatu, nikaambiwa niutoe."

Dobi aliketi juu ya ndoo. Alimtazama mumewe akichokoa samaki kwa uma, mafuta mekundu yakimtiririkia kwenye kifundo cha mkono.

"Kama ungechagua mahali pabovu-pabovu ningekuamini," alisema. "Samaki watatu, vitumbawe viwili. Ningesema, ah, inaanza kupona. Kwa nini ukaenda kuchagua pale?"

Fundi aliweka uma chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama machoni, na uso wake ulikuwa na kitu karibu na majivuno.

"Nilipita sehemu mbili tatu hizo mbovu. Sikuziweza. Nikafika kwenye lile jabali, nikasema, kama ni mke wangu ndiye atakayeshuka, basi ashuke aone kitu."

Alitaka ashukuriwe! Dobi aliinuka, akafungua dirisha. Nje kulikuwa na harufu ya kiwanda, ileile ya kila siku, akalifunga tena.

Alimpigia simu Mratibu akiwa amesimama uani, karibu na kamba ya kuanikia. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi.

"Binti yangu, mitungi yetu inajazwa hewa wapi?"

"Kiwandani."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Basi. Mimi sijaona kitu, wala sitaki kuonyeshwa. Wenzako wana macho pia. Mwalimu unafikiri aliuliza swali lile kwa sababu hajui kuhesabu?" Akashusha sauti. "Kama umeshikilia, fomu iliyotiwa saini inafutwa na wawili waliotia, siyo mmoja. Waende ofisini Jumatatu kabla ya saa nne. Usiseme nimekutuma."

Wawili. Dobi alikata simu. Hadi kufuta uongo wake mwenyewe alihitaji ruhusa ya mwongo.

*

Jumapili asubuhi alimwambia Fundi: "Imebaki mitungi miwili yenye nusu ya hewa. Twende tushuke kwenye mstari wa kweli. Ukifika chini ukaniambia pako sawa, sitasema neno tena maishani."

"Chini hakusemwi."

"Utaandika."

Mama mkwe aliwaona wakibeba vifaa mlangoni. "Hata Jumapili?" alisema. "Hawa samaki mnaowahesabu, wao wanawahesabia nini ninyi?" Kisha akaongeza taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya: "Mrudi mapema. Nimewasha maji ya moto. Nikikumbuka kule tulikokaa, choo cha watu kumi na wanane, naona aibu hata kuwasha tu."

Waliingia majini nyuma ya ukuta wa kiwanda, mahali ambapo mchanga wenyewe ulikuwa ukinata. Dobi ni mtu wa kufua mashuka ya hospitali. Ameshika damu iliyoganda, usaha, na mengine ambayo watu wazima hawapendi kuyataja wakila. Hakuwa na kinyaa cha bure. Lakini maji yalipomfika kiunoni, yenye utando wa mafuta na magamba yaliyomng'ang'ania mikononi, ilibidi ajikaze ndipo akaweka kipumulio mdomoni.

Chini hapakuwa na kuona. Alishika mkanda wa Fundi, wakaenda wakipapasa. Vipande vya matumbo vilielea mbele ya miwani yake, vyeupe, vimevimba, vikigeuka polepole. Sakafu ya bahari ilikuwa imefunikwa na ute wa kijivu unene wa godoro, na alipougusa kwa kidole ulichanika, likatoka wingu jeusi. Chini ya ute kulikuwa na mifupa, kisha mifupa. Bomba lilikohoa, mara moja, mara mbili, halafu likamwaga. Kitu laini kilimpita shingoni kikaingia kati ya vazi lake na ngozi. Dobi alifumba macho, akahesabu hadi kumi.

Alipoyafumbua aliona mashimo mawili membamba, ya duara, midomo yake bado haijazibwa na ute. Hapo ndipo kilipong'olewa kigingi: shimo moja lake, la pili la mtaimbo. Alimvuta Fundi, akamwekea mkono wake juu ya shimo moja. Kisha akampa kibao na penseli.

Fundi alikishika kibao kwa muda mrefu. Povu lake lilikuwa likitoka kwa fujo. Akaandika: sufuri. Mraba wa pili, sufuri. Aliandika zote, mraba kwa mraba, kwa mkono wake, hata ule wa kaa.

Walipotoka, Fundi alipiga magoti mchangani, akatapika. Alitapika mpaka pakawa hakuna cha kutoka. Dobi alisimama pembeni akijikwangua shingo kwa kucha. Alimhurumia, na huruma ile ilimkasirisha.

"Kesho tutafuta," Fundi alisema, ametazama chini. "Nitatia saini. Umesikia? Nitatia."

Nyumbani Fundi mwenyewe alimmwagia Dobi maji ya moto kichwani. Alimsugua nywele kwa sabuni ya vyombo, mara tatu, maana mafuta yale hayakutaka kutoka, akamwosha nyuma ya masikio bila kuambiwa. Mama mkwe aliwasikia bafuni, akacheka peke yake. Dobi aliegemeza paji la uso ukutani, akaamini kwamba amempata tena mumewe.

*

Ofisi ya pwani ilikuwa na meza moja, kabati lisilofunga, na picha ya pomboo iliyopauka kwa jua. Afisa alikuwa akimenya chungwa. Aliposikia walichofuata, aliweka chungwa juu ya gazeti, akafuta vidole, akatoa fomu ya kufuta. Saa tatu na dakika ishirini.

"Kila mmoja anaandika sababu yake, anatia saini. Hapa mpiga mbizi wa kwanza, hapa wa pili. Andikeni kwa kifupi tafadhali."

Fundi alichomoa kalamu mfukoni. Aliandika kwa utulivu, bila kusita hata neno moja, mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake tangu jana. Akatia saini. Akamsogezea Dobi karatasi, kiganja chake kimetanda juu ya maandishi.

"Tia hapa chini tu," alisema. "Sababu ni moja."

"Ondoa mkono."

"Dobi."

"Ondoa mkono nisome."

Aliuondoa. Mwandiko ulikuwa mzuri, ule anaoutumia kwa barua za kazi. *Mke wangu alikosea kuhesabu. Siku hiyo hakuwa na afya nzuri, na mimi nilinakili kibao chake kwa kumwamini. Tunaomba radhi.*

Afisa alikuwa ameshasoma kichinichini. Alimtazama Dobi kwa upole, upole wa kumtazama mtoto aliyemwaga uji. "Inatokea," alisema. "Kina cha maji kinachanganya. Basi mstari wa nne tutauacha wazi kwa mwaka huu. Hakutakuwa na taarifa, na kiwanda kitaendelea na kibali chake cha sasa mpaka mwakani. Ila kwa kanuni, mama, wewe hutaweza tena kuhesabu. Samahani."

Fundi aliinama sikioni kwake. Alinuka sabuni ileile ya vyombo. "Uongo unafutwa," alinong'ona kwa haraka. "Ulitaka ufutwe, si ndiyo? Nyumba inabaki. Kazi inabaki. Mama hatoki. Hakuna aliyeumia."

Na aliamini anachokisema. Hilo ndilo lililomtia Dobi kinyaa kuliko ute wote wa jana. Fundi alikuwa ameyapigia hesabu haya bafuni, vidole vyake vikiwa ndani ya nywele za mkewe. Wakati akimwosha nyuma ya masikio, tayari alikuwa amemfanya kuwa mgonjwa na mjinga asiyejua kuhesabu. Dobi alifikiria bomba likikohoa mwaka mwingine mzima. Alifikiria pia mama mkwe na stuli ya jikoni, na choo cha watu kumi na wanane. Hakujidanganya kwamba ni jambo dogo. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na nusu.

"Nipe kalamu," alisema.

Fundi alimpa, akapumua. Dobi aliinama kwenye mistari ya mpiga mbizi wa pili, akaandika kwa herufi kubwa: *Nilihesabu sawa. Vigingi vilihamishwa ili bomba lionekane safi. Aliyevihamisha ni mume wangu, kwa kutumwa na kiwanda. Mashimo yapo, niko tayari kuyaonyesha.* Akatia saini. Safari hii hakuchora samaki.

Afisa alisoma, akasoma tena. Upole ulimtoka usoni, ukaja uchovu.

"Sababu zimepishana," alisema. "Mngeandika moja ningepiga muhuri mkaenda zenu. Sasa zimepishana, watu wetu wenyewe lazima washuke, na kibali hakisainiwi hata cha siku moja mpaka wapande juu na majibu." Alilitazama chungwa lake. "Na kiwanda nitawaandikia barua leo hii kuwaeleza kwa nini. Majina yenu yatakuwemo. Mnaelewa?"

"Naelewa," alisema Dobi.

Fundi alimgeukia Dobi. Uso wake ulikuwa umelegea, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Mama atalala wapi?" aliuliza.

Lilikuwa swali la haki. Chumba cha kupanga alichokijua Dobi kilikuwa kimoja tu, nyuma ya hospitali, na kilikuwa na kitanda kimoja. Alimfikiria mama mkwe ndani yake, na yeye sakafuni. Mtu wa tatu hakumwona.

"Mama nitakaa naye mimi," alisema.

Fundi alinyoosha mkono, kiganja wazi. Dobi alidhani anamwomba mkono wake, kumbe alikuwa akidai kalamu. Dobi aliiweka mezani, mbali na vidole vya mumewe, akamwuliza Afisa mahali pa kunawa ni wapi.